Kazi Imefanyika au Haikufanyika? Rai juu ya Kufundisha Mwito wa Mbali

Mwanachuo wetu mmoja, akiwa katika mazoezi ya kufundisha, alisimama mbele ya darasa la sita katika shule moja ya pwani, kaskazini ya mji wa Lindi. Mimi nilikaa nyuma na daftari langu la tathmini. Andalio lake la somo lilikuwa safi, na mchoro wa kompyuta alioutundika ukutani ulikuwa safi zaidi. Watoto waliitika kwa pamoja: skrini, kibodi, kipanya. Zilipobaki dakika chache msichana mmoja alinyosha kidole.

"Mwalimu," alisema, "mama alimtumia kaka fedha kwa simu. Simu ikakaa kimya, haikujibu kitu. Mama akatuma tena. Kaka akapata mara mbili, na mama akakosa ya kuwalipa waliompalilia mikorosho. Kompyuta haikujua kwamba ni zilezile?"

Mwanachuo alifikiri kidogo, akamwambia kwamba hilo halimo katika somo la leo. Kengele ikalia.

Sikumlaumu, maana hata sisi wakufunzi hatukumpa jibu la kwenda nalo. Lakini swali la mtoto yule ndilo lililokuwa somo, na majina ya vifaa yalikuwa maelezo ya picha tu. Ni swali ambalo mabingwa wa kompyuta wamekuwa wakishindana nalo kwa zaidi ya miaka arobaini. Nathubutu kusema pia kwamba ndilo kipimo cha kujua kama maktaba ya programu inastahili kuitwa rasmi. Kwa kuwa mwalimu wa shule ya msingi hatakiwi kufundisha asichokielewa, naomba ndugu mwanachuo anivumilie nieleze jambo lenyewe kwanza, ndipo nije kwenye mbinu.

Programu ya kompyuta ni mfuatano wa maagizo. Maagizo yanayotimiza kazi moja hufungwa pamoja na kupewa jina, na kila kazi hiyo inapohitajiwa, programu huita jina lake. Ni kama mama aliye jikoni anavyomwita mwanawe aliye uani amletee maji: anamwona, anamsikia, na maji yasipokuja anajua sababu. Huo ni mwito wa karibu. Mwito wa mbali ni pale ambapo kazi yenyewe inakaa katika kompyuta nyingine, pengine Dar es Salaam, ilhali anayeita yuko Kilwa Masoko.

Mwaka 1984 Andrew Birrell na Bruce Nelson, waliokuwa katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, walichapisha maelezo ya namna ya kuutengeneza mwito huo. Nia yao ilikuwa njema sana: mwandishi wa programu auandike mwito wa mbali kwa namna ileile anavyouandika ule wa karibu, asisumbuke na habari za mtandao. Kila upande huwekwa wakala mdogo. Wakala wa huku hulikunja ombi na kulituma. Wa kule hulikunjua, huiita kazi, hulikunja jibu na kulirudisha. Mkusanyo wa mawakala hao na vyombo vyao, ulioandikwa tayari ili waandishi wengine wauazime bila kuanza upya, ndio tunaouita maktaba ya mwito wa mbali. Kila lugha ya programu huhitaji maktaba yake, kwa sababu wakala lazima aijue lugha ya bwana wake.

Wazee wa Kilwa wangaliielewa habari hii upesi. Katika hifadhi ya nyaraka za Wareno huko Goa, Bara Hindi, zimo barua zilizotoka Kilwa mwaka 1711, zimeandikwa kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu, nazo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyosalia. Mwenye kuandika barua alijua kwamba barua ina umbo lake, kwamba mpokeaji ataitafuta haja mahali pake, na kwamba jibu litakuja kwa chombo kingine. Alijua pia jambo ambalo mama jikoni hana haja ya kulijua: kimya kina maana tatu. Pengine barua imezama kabla ya kufika. Pengine imefika na mpokeaji hajafanya neno. Au mpokeaji amekwisha kutimiza kila kitu, na lililozama ni jibu. Aliyeketi Kilwa akiutazama upepo hawezi kuzitofautisha hali hizo tatu. Zote kwake ni bahari tupu.

Sisi wa pwani hii tulikumbushwa jambo hilo mara mbili katika mwezi mmoja. Mwanzoni mwa Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Lindi hadi Dar es Salaam huko Somanga, wilayani Kilwa. Tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota katika Tanzania na nchi za jirani. Wangapi siku hizo walibonyeza mara ya pili, sijui mtu anayeweza kuwahesabu.

Birrell na Nelson hawakulificha tatizo. Walisema wazi kwamba jibu likirudi, kazi imefanyika mara moja kamili; lisiporudi na ikatolewa taarifa ya hitilafu, kazi imefanyika mara moja au haikufanyika kabisa, na mwitaji haambiwi ni lipi. Waliowafuata walilipokea lile la kwanza kwa furaha na kulisahau la pili. Mwaka 1994 wataalamu wanne wa kampuni ya Sun Microsystems, Jim Waldo, Geoff Wyant, Ann Wollrath na Sam Kendall, waliandika kwamba kujifanya kana kwamba kilicho mbali kiko karibu ni kosa la msingi. Kuchelewa, kuharibika kwa upande mmoja ilhali mwingine ni mzima, na watu wawili kugusa kitu kimoja kwa wakati mmoja ni mambo ambayo hayafutiki kwa kuyavalisha nguo ya nyumbani. Mimi niko upande wao.

Hapa ndipo linapoingia neno "rasmi", neno tunalolipenda mno sisi watu wa vyuo. Tunadhani urasmi ni muhuri. Katika maktaba ya mwito wa mbali urasmi una kazi nyingine kabisa. Chukua mfano wa gRPC, ambayo kampuni ya Google iliitoa kwa watu wote mwaka 2015. Kwanza huandikwa mkataba unaotaja kazi zipo zipi, kila moja inapokea nini na inarudisha nini. Mkataba huo si mali ya lugha yoyote ya programu. Maktaba ya kila lugha huusoma na kuwatengeneza mawakala wake. Kisha maktaba za lugha mbalimbali hukutanishwa na kujaribiwa: mwitaji wa lugha hii na mwitwa wa lugha ile, ili ionekane kama wanaelewana. Na jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote ni kwamba majibu ya mwisho yamekubaliwa na kupewa namba, 0 hadi 16, yaani 17 kwa jumla. Namba 0 ni kwamba mambo ni mema. Namba 14 ni kwamba huduma haipatikani kwa sasa. Namba 4 ni kwamba muda uliowekwa umepita, na maelezo yake rasmi yanasema kwamba jibu hilo laweza kutolewa hata kama kazi imekwisha kufanyika sawasawa huko iliko.

Tafadhali isome tena sentensi hiyo ya mwisho, ndugu mwanachuo. Chombo rasmi kinakiri kwa maandishi kwamba hakijui. Mwenye kutengeneza maktaba yake mwenyewe, nyumbani kwake, aghalabu husahau kukiri. Huandika "imeshindikana" palipopaswa kuandikwa "haijulikani", na mama wa Lindi hutuma tena.

Faida ya umoja huu waweza kuionyesha kwa hesabu ya darasa la sita. Vodacom ilianza M-Pesa nchini Tanzania mwaka 2008, na kampuni nyingine za simu nazo zikawa na huduma zao, kila moja na njia yake. Baada ya miaka kadhaa kampuni zilianza kupatana ili mteja wa huyu aweze kumtumia mteja wa yule. Mapatano ya wawili wawili ni kazi nzito: kampuni 6 zikitaka kila moja iongee na kila nyingine, mapatano ni 15, zikiwa 10, ni 45. Zikikubali njia moja ya katikati, 6 hubaki 6 na 10 hubaki 10. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuutumia mfumo wa TIPS, ambao kazi yake ndiyo hiyo ya katikati, kati ya benki na kampuni za fedha za simu. Waache watoto wachore nukta na mistari, waione 45 kwa macho yao.

Wako watakaosema kwamba chombo rasmi huua juhudi za watu. Hoja hiyo si ya kubezwa. Waandishi wa lugha ya programu iitwayo Rust, kwa mfano, walifanya kazi yao kwa miaka kwa maktaba ya Tonic, iliyozaliwa nje ya kundi rasmi la gRPC, nayo iliwafaa wengi. Sisi tunaofundisha Kiswahili tunalijua jambo hili kwa uchungu wetu. Mwaka 1930 ilipoundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, Kiunguja kilikuwa kimekwisha kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimgao cha pwani hii ya Kilwa kikabaki lugha ya nyumbani ambayo mtoto husahihishwa kwayo shuleni. Nimewaona wanachuo wakikata kwa kalamu nyekundu neno ambalo bibi wa mtoto angelitetea. Hata hivyo sijapata kumsikia mtu akitaka kila wilaya ichapishe vitabu vyake. Umoja una gharama, na anayeusimamia anapaswa kuilipa kwa kuwasikiliza walioachwa pembeni. Maktaba rasmi inayozaliwa baada ya ile ya watu wa kujitolea ingefaa ianze kwa kuipokea kazi yao, badala ya kuianza upya kana kwamba haikuwapo.

Sasa nirudi darasani. Jioni ile mwanachuo aliniuliza atamwambia nini msichana yule. Nilimwambia asimwambie kitu. Achukue visoda arobaini na kapu la ukindu, aufute mchoro wa kompyuta, akagawe darasa.

Kipindi kilichofuata madawati ya upande wa dirisha yaliitwa Masoko, ya upande wa mlango yakaitwa Kisiwani, na ujia wa katikati ukawa mlango wa bahari. Mtoto mmoja akawa nahodha. Kapu liliwekwa Kisiwani, mahali ambapo watu wa Masoko hawakuweza kuona ndani. Masoko waliandika katika karatasi: "Ongeza visoda 3 kapuni." Nahodha akavuka, wa Kisiwani wakatia visoda, wakaandika "Tayari", nahodha akarudi. Darasa likaona ni mchezo mwepesi.

Mara ya pili mwalimu alikuwa amemnong'oneza nahodha kwamba akishapewa jibu akae chini katikati ya ujia, chombo kimezama. Masoko walihesabu hadi 20, ambao ndio muda waliokubaliana kungoja. "Mfanyeje?" akauliza mwalimu. Karibu wote walisema: tutume tena. Walituma tena kwa nahodha mwingine, jibu likafika, Masoko wakashangilia. Kisha kapu likaletwa mbele na kuhesabiwa. Masoko walitarajia visoda 6. Vilikuwa 9. Msichana yule wa swali hakusema neno, ila niliona ameweka mkono mdomoni.

Hapo mwanachuo alifanya jambo ambalo ningependa wote mliige: hakueleza. Aliurudia mchezo, safari hii nahodha akazama na ombi kabla ya kufika, kisha akawauliza Masoko wameona tofauti gani kati ya kuzama kwa kwanza na kwa pili. Ilichukua muda. Mvulana mmoja akasema, "Hatukuona tofauti, mwalimu. Sisi tumehesabu 20 tu." Sentensi hiyo ina thamani kuliko majina yote ya vifaa yaliyowahi kuimbwa katika darasa lile.

Dawa zilitoka kwa watoto wenyewe. Wa kwanza alitaka Masoko waulize kwanza kapu lina visoda vingapi, ndipo waamue. Shauri zuri, ila linahitaji safari ya ziada, na chombo cha kuuliza nacho chaweza kuzama. Wa pili alitaka maneno ya ombi yabadilishwe: badala ya "Ongeza 3" iandikwe "Kapu liwe na visoda 6". Ombi la namna hiyo likirudiwa mara mia halidhuru. Mwalimu akalisifu, kisha akawaweka watoto wengine watume visoda kutoka upande wa ubao, na shauri likavunjika, kwa sababu kapu sasa lilikuwa na mabwana wawili. (Mtaona kwamba tumegusa jambo la wale wanne wa mwaka 1994 bila kulitaja.) Dawa ya tatu ilitoka Kisiwani. Walitaka kila ombi liwe na namba, nao wawe na daftari. Ombi likifika ambalo namba yake imo daftarini, wasitie visoda, warudie tu jibu walilolitoa kwanza. Namba ya muamala inayokuja katika ujumbe wa simu ni ndugu wa namba hiyo, nao watoto waliijua kabla hatujawaambia.

Yafaa mwalimu aelewe kwamba daftari hilo halimo katika maktaba rasmi niliyoieleza. Maktaba husema kwa uaminifu kwamba muda umepita. Kuweka namba na daftari ni kazi ya mwandishi wa programu ya fedha. Anayedhani kwamba kwa kuwa ameazima chombo rasmi basi amesalimika, anafanana na mwanachuo anayedhani kwamba kwa kuwa kiongozi cha mwalimu kimepitishwa basi somo litajifundisha lenyewe.

Yafaa pia kufundisha umbo la karatasi. Katika mkataba wa gRPC, ambao kwa kawaida huandikwa kwa utaratibu uitwao Protocol Buffers, kila kipengele cha ombi kina namba yake, na namba ndiyo inayosafiri. Jina ni kwa faida ya wasomaji binadamu. Kipengele kipya hupewa namba mpya. Kilichoondolewa, namba yake haipewi kingine kamwe, kwa maana iko kompyuta mahali fulani ambayo bado inasoma mkataba wa zamani. Hili huonyeshwa kwa fomu mbili za kujiandikisha, moja ya mwaka jana na moja ya mwaka huu, zilizopangwa kwa namba. Somo hilo ni fupi, nami sitalirefusha.

Nimeambiwa na wenzangu kwamba haya ni makubwa mno kwa shule ambayo haina hata kompyuta moja. Nawajibu kwamba shule ile nayo haikuwa nayo. Ukikosa kompyuta huwezi kufundisha vidole, lakini mwito, mkataba, kungoja na kimya hufundishika kwa karatasi na visoda, na mtoto anayeishi ng'ambo ya Masoko amekwisha kujua nusu yake kabla hajaingia darasani. Ninachokiogopa ni kinyume chake: kompyuta zifike, na sisi tuendelee kuimba skrini, kibodi, kipanya, huku mama zao wakipoteza fedha kwa kukosa kujua kwamba kimya si jibu la hapana.

Mwishoni mwa kipindi kile msichana yule alikuwa ameketi Kisiwani na daftari mbele yake. Ombi la namba 7 lilifika mara ya pili. Alilitazama, akalitafuta daftarini, akaandika "Tayari" bila kugusa kapu. Kisha akanyosha kidole. "Mwalimu, daftari likijaa, tutafuta namba za zamani? Na kama kuna nahodha aliyechelewa sana?"

Mwanachuo alinitazama. Mimi nikatazama dirishani. Akamwambia kwamba hajui, na kwamba atamletea jibu Jumatatu.